Pishi ya Baba

Tawi halikumwambia kitu. Lilikatika tu,
na mzee wa miaka sabini na tatu,
aliyekatazwa kupanda na mkewe, na imamu, na daktari wa sukari,
akashuka kama nazi: bila hodi.
Kigoe chake kikabaki juu ya mkarafuu,
kinaning'inia mpaka leo.

Mie nilikuwa Unguja, nauza chaji za simu Darajani.
Dada yangu Mize akapiga. "Njoo."
Hakuongeza.
Nikafunga meza na chenji ya mtu mkononi.

Nyonga. Paja. Mbavu mbili.
Kule Mkoani wakamtia vyuma, wakamtia damu,
chupa moja yangu, moja ya shemeji Makame
ambaye Baba hasemi naye tangu ile kesi ya mpaka wa shamba.
"Sasa mtasemezana," Mama akasema,
"yumo ndani yako, utamfukuza wapi?"

Wiki ya tano tukamrudisha Mtambwe
nyuma ya gari ya kubebea karafuu, juu ya magodoro matatu,
Mize kashika kichwa, mie nimeshika miguu,
na kila shimo la njia tulilipitia kwa Bismillahi.

Kumkosha ikawa kazi yangu.
Mama mgongo hauinami; Mize ni binti,
haya ilimsimamisha mlangoni na taulo.
Siku ya mwanzo Baba aligeuza uso ukutani
nami nikajifanya nasikiliza redio ya jirani.
Mgongo ule ule ulionibeba chuoni siku za masika
leo ngozi yake imepwaya
kama kanzu ya kuazima.
"Maji ya moto," akasema.
"Niyapoze?"
"Yaache. Yanafika."

Kuna usiku alinitukana.
Kuna usiku nilimjibu.
Sisemi nilimwambia nini.
Asubuhi Mize alitukuta hatutazamani,
akaweka kikombe kimoja cha chai baina yetu,
akaondoka na cha pili.

Nesi Salhiya akaja kutoka Wete, akasema: asimame.
Fundi Ngwali akaunda fremu ya mti wa mfenesi,
miguu minne, mikono miwili, rangi ya manjano.
Baba akaiita Punda.
Akaigombeza, akaipiga kofi,
akaiegemea.

Msimu haukumngoja. Uani jamvi limetandikwa,
karafuu mbichi zinageuka rangi juani,
harufu inaingia mpaka ndani ya chandarua.
"Mnachambua vibaya," akaita kitandani,
"nasikia makonyo yakianguka pamoja na karafuu!"
Uongo mtupu. Hakuna anayesikia hilo.
Lakini Mama akaitumia hiyo kama ndoana:
"Basi njoo uchambue wewe."

Kutoka mlangoni mpaka jamvini,
Mama akimhesabia kama anayepima:
pishi ya kwanza. Pishi ya pili.
Ya tatu akapumzika, jasho linamtiririka kidevuni.
Jumamosi ile pishi ya sita ilimwagika,
Punda huku, mzee kule,
na aliyemdaka kabla ya sakafu alikuwa Makame,
aliyepita kuleta muhogo tu, si zaidi.
Wakabaki hivyo, kifua kwa kifua, wanahema.
"Ule mpaka," Baba akasema sikioni mwake,
"bado ni wangu."
"Najua, mzee. Simama kwanza."

Sasa anakaa uani kutwa, vidole vyeusi kwa mafuta,
karafuu huku, makonyo kule,
lakini jicho lake linapanda.
"Kigoe changu kile. Nani atakishusha?"
Hatukumjibu. Mama akainuka,
akakigeuza kiti kielekee ukuta.
"Nakuona unavyokitazama."

Leo alfajiri tumekikuta kiti kimegeuzwa tena,
kinautazama mti.
Tukaulizana. Mize hakukigusa, mie sikukigusa,
mjukuu Khatib kaapa.
Punda alikuwa ndani,
mbali, pembeni mwa kitanda,
na shuka la Baba limetundikwa juu yake.