Kati ya La na Ti

Kinanda cha parokia kina funguo sitini na moja.
Tatu hazilii tangu mvua za mwaka juzi,
na mmoja, wa chini kabisa, huendelea kulia
hata kidole kikishaondoka,
kama mtoto aliyenyimwa uji.
Nakifunika kwa kitenge cha Wawata.
Vumbi la Kigwe halimbagui mtu,
wala Mtakatifu Sesilia kwenye picha yake.

Jumatano, kipindi cha sita, darasa la nne:
watoto arobaini na saba, madawati kumi na tano.
Naandika ngazi ubaoni.
Sista Redempta ameshanikumbusha: Kipaimara tarehe kumi na tatu,
Askofu anakuja, nyimbo ziwe safi.
"Safi, mwalimu. Siyo kama Pasaka."

Lechipya, tema huo ubuyu.
Nyemo, usimwangalie Lechipya, niangalie mimi.
Do kitovuni, so kifuani,
ti hapa, kwenye paji la uso.
Haya, tunapanda.

Wanapanda kama watu wanaodandia lori la mnadani,
wa mbele wakiwavuta wa nyuma,
na kwenye ti mmoja anabaki chini.
Si chini sana. Kama mtu anayeinama mlangoni
na mlango wenyewe ni mrefu.

Ndahani. Dawati la nyuma, sweta la kaka yake.
"Tena." Akarudia, palepale.
"Sikiliza kinanda." Akasikiliza, macho kayafumba,
kwa adabu iliyoniudhi kuliko utundu,
akarudi palepale, kama mbuzi anayejua zizi lake.
Nikamwambia: siku ya Askofu utachezesha midomo tu.
Nilisema hivyo, mbele ya wenzake.
Akaitika, "Ndiyo, mwalimu," akakaa.

Jumamosi nilikwenda kwao kudai hela ya kitambaa cha sare.
Mjomba wake alikuwa uani, ilimba mapajani:
bamba za chuma, spoku mbili tatu za baiskeli,
tundu limezibwa kwa utando wa buibui.
Alivuta spoku moja nje kidogo,
akaipiga kwa kidole gumba, akakunja uso,
akaita bila kuinua kichwa: "We Ndahani! Nipe ile."
Ndahani akatoka jikoni, mwiko wa mlenda mkononi,
akaitoa.
Ileile.
Mjomba akagonga spoku kwa jiwe, mara mbili, mara tatu,
mpaka chuma kikamfikia mtoto.

Sikudai hela.

Usiku nilifungua kanisa, nikafunua kinanda.
Ufunguo mweupe: chini mno.
Mweusi unaofuata: umeshaipita.
Ilikuwa katikati, pale pasipo na kitu ila ufa,
na ndani ya ufa, vumbi.
Nikajaribu kuiimba mwenyewe,
mimi niliyelala mgongoni mwa mama
huku akiipiga muheme, ng'oma kaibana mapajani.
Koo langu likakataa.
Koo langu lilishasomeshwa.

Treni ya mizigo ikapita kuelekea Saranda,
ikapiga honi,
nayo haikuwa ti.

Jumatano iliyofuata niliandika ngazi upya.
Kati ya la na ti nikaacha nafasi ya kiganja.
"Ndahani, hapa tuandike nini?"
Akautazama ubao hadi wenzake wakaanza kucheka.
"Kuandikwa kwake sijui, mwalimu. Najua inavyokwenda tu."
Basi tukaenda. Nusu wakamfuata yeye, nusu kinanda,
sauti mbili zikakwaruzana
hadi kioo cha dirisha kikatetemeka,
na nyuma ya kioo hicho alikuwa amesimama Sista Redempta,
rundo la madaftari kifuani.

"Mwalimu. Hiyo ndiyo safi?"

Arobaini na saba wakanigeukia.
Chaki ilikuwa bado mkononi, sijajibu,
Lechipya akameza ubuyu na mbegu yake.