Jani la Isale

Barua ilifika posta ya Moshi imefungwa kwa gundi na adabu:
miaka mitatu hamjalipa ada,
klabu yenu itafutwa daftarini.

Tulikuwa kumi na wanne, ukumbini Rau,
vitambaa vya kudarizi mapajani, chai imepoa.
Aikande, mweka hazina, hakuinua macho.
Fedha zilimzika Ndealilia.
Zilizobaki zikanunua miwani, wazee wetu wasome.
Katiba haina kifungu cha hayo.

Manka akatoka, akarudi na jani la isale
alilolichuma mpakani mwa kihamba, bado linachuruzika mvua.
Kwetu, ukiletewa isale, husemi hapana.
Tukalikunja, tukachanga stempu.
Mimi katibu nikaandika neno moja: Tusameheni.

Miezi miwili, kimya.

Halafu Helmi wa Tampere, mshika daftari la klabu zote duniani,
akajibu kwa mwandiko uliolala:
«Asanteni kwa jani. Sikujua ni la nini,
nimelitumia kushikia ukurasa.»

Tulicheka hadi Aikande akalia.
Kisha nikageuza karatasi. Nyuma, kwa penseli, herufi ndogo:
«Ukurasa wenye jina lenu.»