Karani wa Mirabaha

Kazi yangu ilikuwa kupima nyimbo kwa senti.
Helsinki, ghorofa ya tatu, tramu zikikwaruza chini ya dirisha,
miaka ishirini na tisa
na kikokotoo kilichofutika tarakimu ya saba.
Redio zilileta orodha: kipi kimepigwa, wapi, mara ngapi.
Nilizidisha, nikagawa, nikagonga muhuri.
Mtunzi akapata hundi,
nchi ikapata kujua nani mkubwa.

Aliyesema chema chajiuza
hakuwahi kukaa kwenye kiti kile.

Faili la Urho Lampela lilikuwa na kurasa mbili.
Ya kwanza, tangazo la kahawa: noti saba, maneno manne,
alilolitunga, nasikia, akimngoja fundi wa bomba.
Mara elfu kumi na moja kwa mwaka.
Watoto waliliimba wakifunga kamba za viatu vya barafu,
walevi waliliimba kwenye feri ya Tallinn,
askofu mmoja alikutwa akilipiga mluzi sakristiani.

Ya pili, nyimbo arobaini na tatu.
Sifuri. Sifuri. Jicho linateleza mpaka chini.
Isipokuwa mmoja, "Koti la Ndugu Yangu":
moja.
Mwaka uliofuata, moja.
Tarehe kumi na nne Novemba, redio ya Kemijärvi, saa kumi na moja alfajiri,
saa ambayo theluji yenyewe imelala.

Nilidhani mashine imekosea. Mwaka wa sita nikapiga simu.
"Kuna mtu huandika barua," akasema mtangazaji.
"Hataji jina. Huweka stempu ya jibu,
nasi hatujui tumjibu nini, basi tunampigia."

Nikashuka ghalani kuitafuta kanda.
Nikaisikiliza nimevaa koti, kwa kuwa jengo lilishazimwa joto.
Sitausimulia wimbo. Nitasema tu
kwamba katika ubeti wa pili anafika mahali pa kusema "maji"
na hasemi.
Gitaa linavuka peke yake, hatua mbili,
na mimi, mtu wa kuhesabu,
nikapotewa na hesabu.

Mizani ni mbili, nikawaza ndani ya tramu:
ya kupimia uzito, na ya kuhesabia silabi.
Zote zilikuwa mezani pangu, nikajua kutumia moja.
Na kina nilikizoea mwishoni mwa mstari tu,
sikuwahi kuteremsha kamba.

Basi nikaichukia kahawa. Nikanywa chai kwa ukaidi.
Nikawaona watu wangu wote viziwi, milioni tano na ushee,
nikajiona mimi peke yangu nina masikio.
Raha yake hiyo, nisikufiche, ni kubwa.

Halafu mama, kwenye nyumba ya wazee, Tampere.
Jina langu lilikuwa limeshamtoka, na la baba,
na namna ya kushika kijiko.
Jumapili moja muuguzi akapita na birika
na mama akaimba. Noti zote saba.
Hakukosea hata moja. Akanitazama usoni
kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni anayemtaka,
kisha akaniuliza kama basi limeshapita.

Wengi wape, husemwa. Siku ile niliwapa.
Sikuwapa vyote.

Lampela alifariki Machi. Gazeti liliandika
MTUNZI WA KAHAWA AMEFARIKI, na picha ya kikombe.
Nikakumbuka nilivyokuwa nikishuku, kimoyomoyo,
kwamba barua za Kemijärvi zilikuwa zake mwenyewe.
Oktoba nikaketi, nikaandika kwa mkono wa kushoto,
bila jina, nikaweka stempu ya jibu
kutoka droo ya serikali.
Karani haruhusiwi kuegemea mizani. Niliegemea.

Desemba orodha ikaja.
Nikashusha kidole, Kemijärvi, kumi na nne, alfajiri.

Mbili.

Nikahakikisha kwa kikokotoo.