Kivuli cha Nguzo

Video ilifika saa nne usiku, imepita simu kumi na tatu,
imechakaa kama noti ya elfu moja ya sokoni.
Juu yake wameandika: KIBIRIZI LEO. BOTI IMEZAMA.
Sekunde arobaini na moja.
Mayowe, maji, nguzo moja ya mbao,
kisha kidole cha mpigaji kikaziba dunia.

Saa nne na nusu Bi Sikujua akagonga mlango wangu hapa Mwanga,
khanga kaigeuza nje ndani, miguu mitupu.
Mwanawe Ruhwanya hupakia magunia kwenye maboti,
na simu yake haipatikani.
"Mwalimu, wanasema wewe unaisoma picha.
Basi nisomee."

Mimi si mganga. Nilisomesha jiografia darasa la sita:
fimbo uwanjani, kivuli chake, andika saa.
Watoto walicheka. Kivuli nacho kina nini cha kufundisha?

Nikaikata video vipande, picha moja moja.
Cheti cha kuzaliwa haina; wasap humvua kila mgeni
tarehe yake, na jina la simu iliyomzaa.
Nikaitupa mtandaoni kama ndoana:
ikarudi na mafuriko ya Manila, na harusi moja ya Mwanza.
Nikatupa tena.
Bando likakata.
Bi Sikujua akafungua pindo la khanga,
akatoa elfu mbili inayonuka mawese.

Karibu saa sita nikamwambia afumbe macho, asikilize.
Nikayashusha mayowe, nikaipandisha redio iliyo nyuma yake.
Redio ya ng'ambo, lakini hata huku inashika, hiyo si hoja.
Hoja ni mtangazaji: saa moja na nusu, asubuhi njema.

Sasa tazama nguzo. Kivuli kimelalia nchi kavu.
Jua liko wapi?
"Juu ya maji."
Na saa?
"Asubuhi."

Akanyamaza. Aliyezaliwa Ujiji
hahitaji setilaiti kwa hili.
Asubuhi yetu hutokea mgongoni, nyuma ya vilima,
hupita kwanza kwenye mabati, kwenye michikichi,
ziwa likingoja zamu kama kitinda mimba.
Kwetu jua huingia majini. Halitoki majini.
"Hii si Kibirizi," alisema, kabla sijasema mimi.

Hata hivyo nikahakikisha. Mwaka juzi nilitangaza moto Uvinza,
kumbe ni mvuke wa chumvi; mpaka leo wananitania.
Nikauchukua mstari wa milima, pale kamera inapogeuka,
nikauteremsha kusini, ufuko kwa ufuko, upande wa Kongo,
mpaka mabega mawili na bonde lake vikakaa
kama mfuniko kwenye sufuria yake.
Nikairudisha ramani nyuma, mwaka baada ya mwaka:
kabla ziwa halijapanda, nguzo ipo,
kijiti chembamba kuliko unywele.
Baada ya ziwa kupanda, haipo.
Kwa hiyo si leo. Si mwaka huu. Si hapa.

Saa tisa Ruhwanya akapiga, kwa simu ya kuazima.
Alilala juu ya magunia, chaji imekwisha.
Mama yake akacheka, akamtukana kwa Kiha, akalia,
akajifunga khanga vizuri.

Nikadhani ataondoka.
"Irudishe mwanzo," akasema.
"Yule wa kitambaa cha njano. Anaita."

Usiku kucha nilikuwa nimeshusha mayowe ili nisikie redio.
Sikujua akaniambia nishushe redio.

Tukasikia jina.
La mtoto, kwa jinsi lilivyokatizwa na kuitwa tena.

Nimeliandika pembeni mwa daftari, kwenye safu ya saa,
kwa kuwa sikuwa na safu yake.
Kule kwenye kundi nilijibu maneno manne: si Kibirizi, si leo.
Wakashukuru, wakaniwekea vidole gumba.
Bi Sikujua hupita kila Jumanne na chupa ya mawese,
hakai, huuliza tu kutokea mlangoni:
"Umempata?"