Spana ya Kumi na Saba

Kazi yangu ni kupandisha watu.
Lifti za Varketili, huku pembezoni mwa Tbilisi, hula sarafu,
tetri ishirini kwa safari moja,
na zikikwama ndipo naitwa,
usiku, mchana, hata siku ya harusi ya dada yangu.

Miaka kumi na mmoja nimekaa ghorofa ya tisa
nikilitazama korongo nyuma ya majengo
kama mtu atazamavyo mgongo wa mwenzake kwenye foleni:
lipo, basi.
Tulilitupia magodoro, vigae vya bafu,
jokofu la Nugzari, na siku moja, bila kukusudia,
spana yangu namba kumi na saba
iliponiponyoka roshanini.

Spana ya kumi na saba haina badala.
Nikashuka kwa miguu (lifti, bila shaka, ilikuwa imekwama),
nikapenya uzio uliopindwa na watoto,
nikaingia mahali nilipopajua kisogo tu.

Ubaridi. Hilo ndilo la kwanza.
Julai juu yangu ilikuwa ikikaanga mabati ya magereji,
na kule chini pana ubaridi wa mtungi.
La pili, maji: uzi mwembamba
uliopita chini ya jokofu la Nugzari
kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha wenye nyumba.
La tatu alikuwa Bi Lamara,
aliyenifundisha jiografia darasa la saba,
amechuchumaa katika viatu vya mpira vya marehemu mumewe,
daftari pajani.

"Usikanyage hapo," akasema, wala hakuniangalia.
"Kuna kobe."

Kweli. Jiwe lilikuwa na shingo.

Alikuwa ameandika kila kitu.
Miforosadi minne, mmoja umepigwa na radi.
Mkomamanga mwitu, umezaa mara mbili.
Chura, na tarehe alipoanza kulia.
Ndege asiyemjua jina; amemchora mdomo.
"Nimefundisha mito ya dunia miaka thelathini na minane,
Amazoni, Yenisei, Naili mliyoikariri,
na huu upitao chini ya dirisha la jiko langu
sikuwahi kuuliza unakwenda wapi."

Spana sikuipata. Nilirudi kesho yake kuitafuta,
na kesho kutwa, na mtondo,
na kila nilipoitafuta nilitoka na kitu kingine mkononi:
chupa, tairi, mguu wa mwanasesere.
Mtu akiinama sana, watu huuliza anainamia nini.
Akaja Zaira wa duka la mkate, na toroli.
Wakaja watoto wa mlango wa tatu.
Nugzari alisimama ukingoni, mikono nyuma,
akatuambia pale pangefaa magereji sita.
Jokofu lake tulilitoa kwa kamba na kapi,
kupandisha ndiyo kazi yangu,
na yeye mwenyewe akashika kamba, akitukana njia nzima.

Nisiseme uongo. Mvua ya Oktoba
ilileta takataka nyingine kutoka mtaa wa juu.
Mforosadi wa radi ulianguka.
Barua tuliyoipeleka manispaa ilijibiwa kwa muhuri
na neno moja: Imepokelewa.
Bi Lamara magoti hayamruhusu tena;
mimi hushuka, humpandishia habari,
naye huziandika kwa kalamu ya risasi
kwa sababu, asema, korongo halijamaliza kusahihisha.

Ila mwezi wa sita, forosadi zikiiva,
jengo zima lina nyayo za zambarau.
Nazifuata kutoka mlangoni hadi kwenye lifti,
kutoka kwenye lifti hadi ghorofa ya kumi na sita,
vidole vya watoto, kandambili,
na kiatu kimoja kipana, kisigino kimelika upande,
kinachoishia mlangoni kwa mtu wa magereji sita.

Natakiwa kuzifuta. Imeandikwa kwenye mkataba.
Nimewaambia sabuni imekwisha.