Pampu ya Arshavir

Baridi ya Gyumri haipigi hodi.
Usiku mmoja iliingia ndani ya lori la baba mkwe,
ikayakuta maji yamelala kwenye injini
ikayageuza jiwe.
Asubuhi kasha la pampu lilikuwa na ufa
mrefu kama kidole cha shahada.

Lori lina miaka sitini na minne.
Nchi iliyoliunda imefutwa kwenye ramani,
lakini kabichi za Ashotsk
bado zinataka kufika sokoni.

Tukatafuta.
Kwa Mkrtich wa vyuma chakavu: rundo la milango,
usukani usio na gari,
kuku ametagia ndani ya taa.
Pampu? Alicheka hadi akakohoa.
Mtu wa Vanadzor alituma moja kwa basi,
imefungwa gazeti kama samaki.
Matundu ya bolti manne; yetu matano.
Wa Tbilisi anayo, sahihi kabisa,
bei yake ndama,
na ndama tunaye mmoja.

"Basi tutaisubu wenyewe," nikasema.
Arshavir alinitazama kama mtu aliyekanyaga mkate.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Najua madini hunywea yakipoa,
kwa hiyo kielelezo nilichokichonga kwa mti wa aprikoti
nilikizidisha kidogo kila upande,
milimita moja na robo kwa kila mia,
kama mama anayemshonea mtoto nguo ya kukulia,
ila huyu wetu angekua kwenda chini.
Tukaponda pistoni kuukuu saba.
Tukaziyeyusha kwenye chungu cha chuma
kilichopika supu ya harusi yangu.
Shafti alitukerezea Hovik kwa malipo ya jibini.
Gasketi niliikata kwenye jalada la rejesta,
darasa la sita, mwaka ambao hakuna aliyefeli,
nikaipaka grisi.

Ya kwanza ilitoka na matundu,
mchanga ulikuwa na unyevu na sisi tuna haraka.
Tukaivunja, tukairudisha motoni.
Hasara ya mhunzi, alisema, huyeyuka.
Ya pili ilipopoa
ubavuni kulikuwa na alama ya dole gumba,
mistari yake yote, na kovu.
Aliugusa mchanga kabla sijamimina.
Akaniambia niifute kwa tupa.
Nikajifanya sikusikia.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu usiku ule.
Majira arobaini ya baridi alikuwa akimwaga maji kila jioni,
hata akiwa na homa, hata akiwa amelewa.
Usiku ule Satenik alikuwa anaaga,
mkono wake umo ndani ya mkono wa mumewe,
na yeye hakuuachia
ili aende uani kufungua koki.

Jana tulipanda mlima na tani mbili za kabichi.
Mshale ukafika themanini,
ukasita,
ukakaa hapo hapo kama mgeni aliyepewa kiti.
Arshavir hakusema neno. Alipiga honi, mara moja,
barabarani ambako hapakuwa na mtu.

Jioni akaweka ndoo chini, akafungua koki.
Mimi dirishani, koti lake mikononi mwangu.
Maji yalitoka ya moto, yakifuka mvuke,
yakapungua, yakawa matone,
naye ameinama, sikio karibu na chuma,
anasikiliza
hata baada ya koki kunyamaza.