Ekseli ya Machomane

Shaame anaifuta kutu kwa pindo la msuli:
"Nzima hii, ya mbele, imetoka kwenye lori la karafuu.
Piga nyundo usikie."

Napiga. Inalia kama kengele ya skuli.
Napima kwa shubiri, kitako cha springi hadi kitako:
mkweche wangu utaipokea, na nati zake.

Laki nne, kasema.
Mimi tatu ninayo ulimini.

Kisha kidole kinakuta mshono wa kuchomelea,
umepinda kama njia ya siafu.
Mwaka ule najifunza kazi Wete
niliupaka rangi nyeusi, fundi wangu asiuone.

"Na huyo aliyeunga hapo," anasema Shaame, "fundi!
Miaka kumi na tisa haujafunguka."

Nahesabu laki nne, zote, kimya,
vidole vyekundu kwa kutu.